Walizima Filamu Makofi Yakianza

Ukumbi ule sitatia mguu tena. Nililipa kiingilio cha watu wawili, mimi na mjomba wangu, tukatazame Searching for Sugar Man, filamu ya 2012 kuhusu Rodriguez, mwanamuziki wa roki wa Detroit. Alitoa albamu mbili mwanzoni mwa miaka ya 70, Marekani hazikununuliwa, akarudi kwenye kazi za mjengo. Kumbe Afrika Kusini alikuwa nyota, na huko waliamini alijiua jukwaani!

Mjomba nilimchukua makusudi. Zamani alipiga gitaa kwenye hoteli za ufuoni, watu wakicheza mpaka alfajiri. Leo anachomelea mageti Kongowea. Rodriguez alipoonekana akitembea peke yake kwenye theluji, mzee aliacha kutafuna kashata zake. Mfanyakazi mwenzake aliposema kuwa jamaa alikuwa akienda kwenye kazi zile chafu amevaa suti, mjomba alinifinya mkono.

Ikafika Cape Town, 1998. Rodriguez anapanda jukwaani, hajaimba neno, watu wanapiga makofi hawanyamazi. Hapo ndipo kijana wa projekta alipozima. Taa zikawaka, mpira wa Uingereza unaanza. Nikamwambia, "Mwanangu, tuachie dakika chache tu." Akajibu bila kunitazama: "Mama, imeisha hiyo. Hao wanapiga makofi tu."

Tu! Mtu miaka nenda miaka rudi anahesabiwa maiti, leo amesimama mbele yao, na makofi yawe "tu"? Makofi yale ndiyo filamu yenyewe. Kingine chote kilikuwa njia ya kufika pale. Wallahi nilitetemeka. Mjomba alivaa kofia yake akatoka kimya.

Nyumbani niliimalizia kwenye simu. Ni nzuri, itafuteni. Ingawa nina kinyongo nayo pia: Rodriguez alifanya ziara Australia mwaka 1979 na tena 1981, na filamu haigusii kabisa. Kwa nini kutuficha? Nilipojua, nilitaka kuwaambia msiitazame. Lakini nimerudia pale makofi yanapoanza mara tatu, na mara zote nimelia. Basi filamu nimeisamehe. Ukumbi, hapana.

Mjomba nilimpelekea simu kule kwenye mageti yake atazame mwisho. Alikataa. Aliuliza tu, "Walimpigia muda gani?"

Nikamwambia, bendi ilianza na wao hawajanyamaza.