Whitby au Scarborough: ulale wapi?

Miji yote miwili iko pwani ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Scarborough kufika ni rahisi: treni kutoka York huchukua kama dakika 50, na ufuo wake mpana unawafaa sana wenye watoto. Kuna pia ngome juu ya jabali.

Lakini mimi ningelala Whitby. Treni zake ni chache, hutoka Middlesbrough na kufuata bonde la mto Esk, safari ya saa moja na nusu hivi. Ukifika, panda zile ngazi 199 kwenda kanisa la St Mary. Njiani kuna viti vya mbao walipopumzikia wabeba jeneza. Jirani yapo magofu ya abasia (makao ya watawa) iliyoanzishwa mwaka 657. Bandarini kula samaki na chipsi, ila chunga shakwe, wananyakua mkononi.