Mkalimani wa Ana kwa Ana au wa Simu katika Tathmini ya Ustawi wa Mtoto

Afisa ustawi wa jamii anapotathmini hali ya mtoto katika familia isiyozungumza lugha yake, swali la kwanza ni nani atakayefasiri, na jibu haliwezi kuwa mtoto mwenyewe wala jirani. Zinabaki njia mbili: mkalimani anayefika nyumbani na yule anayesikika kwa simu.

Wa simu hupatikana upesi, hata usiku, na katika jamii ndogo ambamo watu wote wanafahamiana, sauti isiyo na sura humpa mama ujasiri wa kusema yale ambayo asingethubutu kuyatamka mbele ya mtu atakayekutana naye kesho. Faida hiyo si ya kubezwa.

Hata hivyo, mtoto akiulizwa ni nani humlaza usiku, kisha baba akanong'ona neno moja kabla hajajibu, simu iliyo mezani hailinasi neno hilo, ilhali mkalimani aliyeketi chumbani hulisikia na kulifasiri. Kwa mahojiano ya mtoto, ambaye ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inalinda haki yake ya kusikilizwa, ningechagua ana kwa ana bila kusita, tena baada ya kuzungumza kwanza na mkalimani kuhusu istilahi, maana si kila lugha ina neno moja la "kutelekeza". Simu itumike kwa dharura na kupanga miadi.