Kurudisha laini ya mama: wakala wa mwavuli na duka la huduma, Mtwara mjini

Simu ya mama ilipotea Newala mwezi wa kumi, siku ya mnada, watu wanasukumana kila mmoja anataka asikie bei ya korosho imefika ngapi. Simu yenyewe haikuwa kitu, kitochi kilichofungwa mpira ili betri isidondoke. Mali ilikuwa laini. Namba ile anayo tangu baba yuko hai, wateja wake wa korosho zilizobanguliwa wanaijua, na ndani kulikuwa na shilingi 186,000 ambazo sisi watoto tulimtumia kidogo kidogo na yeye akawa hazitoi, anasubiri zitoshe kununua mabati.

Nikamwambia aje kwangu Mtwara. Akapanda basi la alfajiri kupitia Tandahimba, akafika na kanga imegeuka rangi ya udongo, kwa sababu wakati huo mpaka ufike Mnivata uikute lami ulikuwa umeshakula vumbi la kukutosha.

Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo kuanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, laini inarudishwa kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na kidole. Namba tulikuwa nayo. Kidole ndicho kilichotutoa jasho.

Mama anabangua korosho tangu sijazaliwa. Anazichoma kwenye debe lililokatwa, linatoa moshi wa kuliza jirani wa nyumba ya tatu, halafu anazipasua moja moja juu ya jiwe. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, ndiyo maana wanawake wanajipaka majivu mikononi kabla ya kuanza. Majivu yanapunguza tu. Ncha za vidole vyake, hasa gumba na cha shahada, zimekuwa laini na zinang'aa kama kete za bao. Mimi ni fundi cherehani, nikigusa kitu najua kama kina uzi au hakina. Vidole vya mama havina uzi tena. Na hata angekuwa hajabangua korosho hata moja, ngozi ya mtu wa miaka 74 imekauka, mistari imelala.

Tulianza kwa wakala wa mwavuli karibu na soko, kwa sababu yupo karibu na hana foleni. Kijana mcheshi, sitamsema vibaya kwa ucheshi wake. "Shikamoo bibi, karibu bibi, kaa hapa," akampisha kigoda chake mwenyewe. Akamshika kidole gumba akakibandika kwenye kimashine. Hakikusoma. Akakifuta kwa shati lake. Hakikusoma. Cha shahada, hakikusoma. Alipofika cha tatu alishaanza kumbinya kwa nguvu mpaka mama akavuta mkono: "Baba, hicho ni kidole, si chapa ya muhuri."

Akanigeukia mimi. Toka hapo hakumtazama tena mama. "Dada, vidole vya bibi vimekufa. Mchukulie laini mpya kwa vidole vyako, mambo yaishe. Wazee wote tunawafanyia hivyo."

Nakiri nilishika mkoba nitoe kitambulisho changu. Kulikuwa na jua, nina nguo tatu za harusi hazijapigwa hata pindo. Mama akauliza, "Laini ikiwa kwa jina lako, hela ni ya nani?" Wakala akacheka akasema ni yenu wote, si mtu na mama yake. Mama hakucheka. Tuna ndugu yetu mmoja kijijini ambaye laini yake ilisajiliwa na mjukuu. Mjukuu alipogombana na mke akahama, akaenda kuirudisha laini huko aliko, maana ni yake kwa karatasi, na pesa za bibi zikaenda naye. Bibi hakuwa na pa kushtaki. Mama anaijua hadithi hiyo kuliko mimi, yeye ndiye aliyekuwa anampelekea unga.

Kwa wakala: nyota moja, na hiyo ni ya kigoda. Sikatai kwamba kimashine kilimshinda. Ninachomdai ni kwamba alinifanya niamini hakuna njia nyingine, na njia ilikuwepo.

Kesho yake tukaenda duka la huduma la kampuni yenyewe. Jina la kampuni nitaliacha. Kuna ngazi tano za vigae bila pa kushika. Mama alizipanda akiwa ameniegemea mimi upande mmoja na ukuta upande mwingine. Mlangoni unachukua kikaratasi cha namba, sauti ya mwanamke inaita namba kwa Kiingereza. Ukutani wamebandika kibao kizuri cha rangi, WAZEE, WAJAWAZITO NA WENYE ULEMAVU WAHUDUMIWE KWANZA. Chini ya kibao, kiti kimoja. Kwenye kiti, kijana ana ndizi mkononi anachaji simu.

Mlinzi ndiye aliyetuona. Mzee wa makamo, lafudhi ya kwetu kabisa. Akamsalimia mama Kimakonde, akamwinua yule kijana bila maneno mengi, akaenda kumnong'oneza dada wa dirisha la pili. Dakika kumi hazikufika tukaitwa. Naandika hili kwa furaha na pia kwa wasiwasi: siku mlinzi huyo akiwa zamu ya usiku, kibao kitaendelea kunyamaza ukutani.

Dada wa dirisha la pili ndiye sababu ya mimi kuandika. Kwanza hakukimbilia mashine. Aliomba kuona mikono ya mama, akaigeuza viganja juu, akauliza, "Mama, korosho?" Mama akasema korosho. "Bibi yangu hivyo hivyo," akasema. Akaleta bakuli la maji ya vuguvugu, akamwacha aloweke vidole huku yeye anajaza fomu. Akamfuta kwa kitambaa kisafi, akajaribu vidole vya pembeni kwanza, vile ambavyo havishiki korosho wakati wa kupasua, cha pete na cha mwisho. Mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Kila kikikataa anasema "pole mama, tuendelee?" na anasubiri ajibiwe. Cha mwisho cha kushoto kilisoma nusu kikarudi kukataa. Vidole kumi vikaisha.

Ndipo akasema jambo ambalo wakala hakulisema: kidole kikishindikana, mfumo wa NIDA unaweza kumuuliza mtu maswali kutokana na taarifa alizojiandikisha nazo, akijibu sawa anatambuliwa. Akaanza kusoma swali huku ananitazama mimi. Mazoea tu. Nikamwonyesha kwa kidevu, muulize mwenyewe. Akaona haya kidogo, akamgeukia.

Jina la mama yake akalijibu. Alikozaliwa akajibu, tena akaongeza na jina la kitongoji ambalo hakuulizwa. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo niliyoiogopa, kwa sababu mama anajua alizaliwa msimu wa njaa fulani na si zaidi. Akasema bila kusita, "Tarehe moja mwezi wa saba, 1950. Hiyo waliniandikia wao, nikaishika." Dirisha zima likacheka, mama naye akacheka.

Ikakubali.

Wakati tunasubiri laini iwake nilikuwa nasoma nyaraka kwenye simu yangu, hasira zikinituma. Sera yetu ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003, ikamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Umoja wa Afrika nao una Itifaki ya haki za wazee, ilipitishwa Januari 2016 na kuanza kutumika Novemba 2024, na ndani yake kuna kifungu cha haki ya mzee kujiamulia mambo yake. Nikawaza kifungu hicho kikishuka mpaka chini ya mwavuli pale sokoni kinakuwa sentensi gani. Labda hii tu ya mama: hela ni ya nani?

Doa moja la dirisha la pili. Ilipofika kuweka namba ya siri, dada alinipa mimi simu, "mwekee mama namba anayoweza kukumbuka". Mama akanipokonya, akajifunika kanga kichwani na simu ndani yake kama mtu anayepiga nyungu, tukawa tunasikia tu vitufe vinalia. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu akatoka na jasho, akauliza salio. 186,000, haijapungua hata shilingi.

Duka nalipa nyota tatu na nusu. Zote tatu ni za dada na mlinzi, nusu ni ya maji ya vuguvugu. Nyingine nimezishika mpaka waweke chuma cha kushikia kwenye zile ngazi, waite namba kwa Kiswahili, na wabandike pale mlangoni, kwa herufi za mtu asiyeona vizuri, kwamba kidole kikikataa kuna maswali. Mawakala wao nao waambiwe hivyo hivyo.

Mwenye mzazi mwenye vidole kama vya mama yangu aende asubuhi Jumanne au Jumatano, aepuke mwisho wa mwezi. Aombe maji mapema, asingoje vidole vikatae. Na asiende na kitambulisho chake mwenyewe mkobani. Changu kilinitamanisha.

Mama amesharudi Newala. Amenipigia jana, mabati yamepanda bei, anataka tumwongezee.