Utumishi wa mambo ya nje: ustaafu na 55 au usubiri 60?

Afisa wa ubalozi wa Tanzania ni mtumishi wa umma kama wengine: akifika miaka 55 anaweza kustaafu kwa hiari, akifika 60 ni lazima. (Wenzao wa Marekani lazima yao ni 65.)

Kwa pensheni, 60 inashinda waziwazi. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya pensheni, huangalia miezi uliyochangia na mshahara, na miaka mitano ni miezi 60 zaidi.

Kwa maisha, naona 55 ina nguvu, hasa kwa aliyerudi kutoka kituo cha nje. Posho za kule zimekatika, wizara iko Dodoma, na nyumba yake Kigamboni, Dar es Salaam, imeishia kwenye lenta, nondo zinakula kutu. Mtu wa 55 bado anaweza kusimama na fundi juani, au kutafuta kazi ya kufundisha au ushauri Dar.

Mwenye watoto chuoni na asiye na kipato kingine, avumilie hadi 60. Aliyekwisha kuhamia kwake na ana kazi inayomsubiri, 55 inamfaa, ila barua aiandike mapema na michango yake aihakiki kwanza.