Nyota nne kwa wakili wa Ilala anayeshughulikia fidia ya ajali ya treni

Ofisi iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri. Jina silitaji kwa sababu shauri langu bado linaendelea.

Behewa letu lilipoacha reli, begi la mtu liliniangukia nikavunjika mkono wa kulia, na mimi ni fundi cherehani. Niko wodini, hata muhogo (ile plasta ya mfupa) haujakauka mkononi, mawakili vishoka wameshafika na karatasi zao nisaini. Baada yao akaja mtu wa wenye treni na bahasha ya pole.

Wakili aliisoma ile karatasi ya pole yote mbele yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho: nikishapokea, sina dai lingine. Na hela yenyewe isingefika hata nusu ya vyuma nilivyowekewa baadaye!

Lakini nyota nyingi ni za karani wao, kijana mkali kweli. "Mama, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iko wapi? Tiketi? Risiti za dawa?" Nilimwona msumbufu mpaka nilipoelezwa kwamba gharama ulizotoa mahakama haizikubali kwa mdomo, kila shilingi ionekane kwenye karatasi. Maumivu na usumbufu ndiyo fidia ya jumla, hiyo inakadiria mahakama yenyewe. Wakanirudisha kwa daktari aandike asilimia ya ulemavu wa kudumu. Kisha karani akaomba daftari langu la oda, lile la vipimo vya wateja na pesa za kianzio, akalitoa kopi ukurasa kwa ukurasa, hata ule uliomwagikiwa chai. Kwake huo ndio ushahidi wa kipato changu.

Pia waliniambia ukweli kuhusu muda. Ukilidai shirika la umma unatoa kwanza notisi ya siku 90, na madai ya kuumizwa kwa uzembe yana ukomo wa miaka 3. Hakuna aliyeniahidi mamilioni.

Nyota moja nimeibana kwa ajili ya simu, hawapokei kabisa. Tena ada ya kufungua jalada wanataka mwanzoni. Risiti walinipa, ila mtu aliyevunjika mkono hiyo hela anaishona na nini? Usiye nayo uliza msaada wa kisheria, sheria yake ipo tangu 2017.

Wakili yeyote mtafute kwanza kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wenye orodha ya mawakili, kabla hujamlipa. Hapa nenda asubuhi, mchana foleni inafika ngazini.