Kitendanishi cha Bradford kwa maziwa ya Machame: kinafaa, lakini kina mipaka

Kwa maabara ndogo ya Moshi ambayo kazi yake kubwa ni kupima maziwa ya wafugaji wa Machame na Kibosho, kitendanishi cha Bradford, yaani kimiminika cha kupimia kiasi cha protini kwa rangi, kinachouzwa kikiwa kimeshachanganywa, kinastahili bei yake, mradi mnunuzi ajue mapema ni kitu gani kinapima na kitu gani hakipimi.

Mbinu hii, iliyochapishwa na Marion Bradford mwaka 1976, hutegemea rangi ya Coomassie G-250, ambayo ndani ya asidi huwa ya kahawia na ikishikamana na protini hugeuka bluu, hivyo kilele cha mwanga inaoufyonza huhama kutoka nanomita 465 hadi 595. Chupa hutolewa kwenye friji, ikaachwa ifikie joto la chumba, ikapinduliwa taratibu bila kutikiswa, na dakika 5 baada ya kuchanganywa na sampuli, mashine ya kupima mwanga inaweza kusoma. Mbinu ya BCA, njia nyingine ya kupima protini kwa rangi, kwa kawaida hudai nusu saa katika nyuzi joto 37, na kwa umeme wetu huu nusu saa ni ndefu.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba rangi hii haidanganywi na urea wala melamini, kemikali zenye naitrojeni nyingi ambazo si protini. Kipimo cha Kjeldahl, ambacho hukadiria protini kutokana na naitrojeni, huhesabu naitrojeni yote bila kuuliza imetoka wapi, na ndiyo maana mwaka 2008 maziwa ya China yaliyotiwa melamini yalionekana kuwa na protini ya kutosha.

Hata hivyo, maziwa ya ng'ombe huwa na takriban gramu 33 za protini kwa lita, kiasi kikubwa mno kwa kipimo hiki, kwa hiyo yasipozimuliwa mara 50 hivi bluu hukolea kupita uwezo wa mashine kutofautisha. Sabuni za maabara kama SDS nazo huvuruga rangi. Aidha, albumini ya ng'ombe, ambayo wengi huitumia kama kipimo cha kulinganishia, hutoa rangi kali kuliko protini nyingine nyingi, hivyo majibu hushuka chini ya ukweli. Kwa maziwa, ni heri kulinganisha na kaseini, protini kuu ya maziwa. Muuzaji wetu alionyesha albumini kwenye picha ya tangazo, lakini katika boksi haikuwemo.

Kuhusu ukubwa wa protini, chupa hii haisemi lolote. Anayetaka kutenganisha protini mbili za maziwa, beta-laktoglobulini ya kilodaltoni 18 (kipimo cha uzito wa molekuli) na alfa-laktalbumini ya 14, itamlazimu kutumia jeli ya SDS, ambayo hutenganisha protini kwa ukubwa, kwa utaratibu wa Laemmli wa mwaka 1970, pamoja na protini za ukubwa unaojulikana pembeni.

Chupa ya nusu lita, kwa mililita 3 kila kipimo, hutosha vipimo zaidi ya 150. Rangi hung'ang'ania vijichupa vya kwatsi vya kuwekea sampuli kwenye mashine, kwa hiyo inafaa kuagiza pamoja nayo vijichupa vya plastiki vya kutumia mara moja.