Uzoefu wangu: Hilux ya auto, mzigo wa nyanya na kile kitufe cha O/D

Wadau, kila nikisema natumia pikapu ya auto kubebea mzigo naulizwa maswali yaleyale, ooh auto haipandi mlima, ooh inakunywa mafuta, ooh giaboksi itakufia njiani ukalale porini. Sasa acha niandike mara moja, maana nimeitumia vya kutosha na nina maoni yangu, na mengi ya hayo malalamiko ukiyafuatilia yanaishia kwenye kitufe kimoja ambacho watu wanakibonyeza bila kujua kinafanya nini.

Gari yenyewe ni Hilux dabo kebini ya kuagiza Japan, injini ni 3RZ ya petroli, lita 2.7, auto ya gia nne. Kitufe cha O/D, yaani ovadraivu, kipo pembeni ya mkono wa gia, pale kidole gumba kinapokaa, ukibonyeza taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi, ukibonyeza tena inazima. Kazi kubwa ya gari ni kupandisha vitu vya hadiwea kutoka Dar kwenda Mafinga, bati, misumari, rangi, na kurudi sirudi tupu, napakia matenga ya nyanya Ilula au magunia ya viazi nikibahatika. Kwa hiyo sio gari ya kupeleka watoto shule halafu nakuja hapa kujifanya mtaalamu wa mizigo.

Kuhusu kitufe, nimesikia kila kitu. Dalali atakwambia hiyo ni ya kuongeza spidi. Kuna fundi atakwambia zima moja kwa moja usiiguse tena, O/D inamaliza mafuta. Mwingine kinyume chake, taa ikiwaka ujue gari iko kwenye nguvu, tembea hivyohivyo Dar mpaka Mbeya. Kumbe kitu chenyewe ni kidogo tu. Ovadraivu ni gia ya nne, basi. Kwenye gia ya tatu injini ikizunguka mara kumi propela shafti, ile inayopeleka nguvu nyuma kwenye magurudumu, nayo inazunguka mara kumi, sawa kwa sawa. Kwenye ya nne injini inazunguka kama mara saba hivi kwa kila mizunguko kumi ya shafti, kwa hiyo gari inakimbia vilevile ila injini imepumzika. Na kitufe kazi yake ni kuikataza gari isiingie hiyo ya nne. Taa ikiwaka, ya nne imekatazwa, unabaki na tatu. Taa ikizima, ruksa. Hakuna nguvu inayoongezwa na hakuna spidi inayoongezwa.

Kwenye gari yangu nikiwa 100 barabara imelala, taa imezima, mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unakaa kama 2,200. Nikibonyeza kitufe bila kubadilisha mguu, mshale unaruka elfu tatu na kidogo. Sasa mtu anayetoka Kibaha mpaka Morogoro na taa inawaka, barabara imenyooka ile, anaimbisha injini elfu tatu safari nzima halafu akifika anasema Hilux ya auto inakunywa, nani kamlazimisha? Pale Chalinze mpaka Moro mimi taa haiwaki kabisa, hata nikiwa na mzigo, labda upepo uwe wa mbele na turubai linapepea nyuma mpaka nasikia gari inabanwa. Tofauti ya wese naiona kwenye geji nikifika, sio ya kubahatisha.

Mjini usijisumbue. Foleni ya Kimara na Mbezi gari haifiki mwendo wa kuingia gia ya nne, uwashe uzime ni yaleyale.

Shughuli inaanza ukishaacha tambarare. Mikumi pale matuta ni mengi na mwendo wenyewe wa kubembeleza kwa ajili ya wanyama, gari inakaa kwenye ile spidi ya katikati ambayo kompyuta haijui ichague tatu au nne. Unaisikia, inaingia ya nne, ukigusa mafuta kidogo inarudi tatu, ukiachia inaingia tena ya nne, inababaika hivyo kilomita na kilomita. Hapo ndipo mimi nabonyeza kitufe nikaiweka tatu ikatulia. Sababu sio kelele tu. Kila inapobadilisha, zile klachi za ndani zinasuguana, na torki konveta, ile inayounganisha injini na giaboksi kwa oili, inafungua kale ka klachi kake ka kufunga, inabaki inasukuma kwa oili tupu, na oili ikisukumwa hivyo inapata moto. Giaboksi ya auto inauliwa na joto zaidi ya kitu kingine chochote, mzigo peke yake sio adui kama oili imebaki ya baridi. Watu wanasema auto imeshindwa mzigo wakati imepikwa polepole kwa kubabaika hivyo na dereva ana mziki sauti ya juu hasikii.

Vilevile kuanzia Iringa kwenda Mafinga, barabara ni ya kupanda kidogo kushuka kidogo muda wote. Nikiwa tupu naiacha ijichagulie. Nikiwa na mzigo naangalia kilima kinachokuja, nabonyeza kabla sijaanza kupanda, sio katikati ya kilima gari ikiwa imeshakata mwendo. Nikifika juu nabonyeza tena, taa inazima, nateremka na ya nne kama mteremko ni mdogo. Baada ya muda kidole kinafanya chenyewe wala hufikirii.

Kitonga sasa, ule mlima wa kona kali karibu na Ilula, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Kupanda Kitonga O/D haina cha kufanya aisee. Uko nyuma ya semi, mwendo wa 20 au 30, giaboksi iko ya kwanza au ya pili, ya nne iko mbali huko. Wanaosema nilizima O/D nikaipanda Kitonga vizuri, walipandishwa na gia ya pili, kitufe kimechukua sifa za bure. Ninachofanya mimi ni kuuweka mkono wa gia kwenye 2 kwenye zile kona, ili ikipata upenyo mdogo isikimbilie ya tatu halafu irudi tena ya pili kwenye kona inayofuata. Na naangalia geji ya joto la maji, AC nazima kama lori la mbele linakwama kwama.

Kushuka ndiko kwenye kazi, na ndiko wengi wanakosea. Ukitoka Ilula na matenga yamejaa mpaka juu unaikuta Kitonga karibu tu, hujapata hata muda wa kuizoea gari na huo uzito. Kuna madereva wanapiga frii pale, wanaweka N eti wanaokoa mafuta. Hayo mafuta hayaokoki, injini hizi za EFI, yaani zinazopulizia petroli kwa kompyuta, ukiachia mafuta ukiwa ndani ya gia kwenye mteremko kompyuta inakata petroli kabisa mpaka rpm ishuke karibu na sailensa, yaani ule mzunguko wa gari ikiwa imewaka bila kukanyaga mafuta, wakati ukiwa N lazima iendelee kuchoma petroli ili isizime. Yaani unalipa wese ili uondoe breki ya injini. Sijui hesabu hiyo inapigwa wapi.

Wa pili ni yule aliyesikia kwamba kwenye mteremko unazima O/D, akazima, akaona amemaliza. Kwa mteremko wa kawaida sawa, tatu inabana kiasi na breki zinapumzika. Kwa Kitonga na mzigo tatu haitoshi, gari itaendelea kukusukuma na utakanyaga breki kona mpaka kona, pedi zinaanza kunuka, ukifika chini huko zimechemka. Pale ni mkono kwenye 2 mapema, kabla hujaanza kushuka, mwendo uwe umeshaushusha 40 au chini ya hapo, injini inalia karibu elfu mbili na gari inashikwa vizuri kabisa. Na ujue kitu kimoja kuhusu hizi giaboksi za Toyota za gia nne, ukiwa D hata kompyuta ikiingia gia ya pili yenyewe haikubani ukiachia mafuta, inateleza tu, mpaka mkono uwe kwenye 2 ndiyo inashika. Kwa hiyo kusema aah iko mwendo mdogo itakuwa iko ya pili yenyewe, hapana, usihesabu hivyo. Ila usilivute hilo 2 ukiwa 90, unatafuta ugomvi na injini.

Kuovateki. Hapa kitufe kina faida lakini sio ile ya dalali. Ukikanyaga mafuta hadi chini gari inajishusha gia yenyewe, hiyo hata usipogusa kitufe. Tatizo inachukua sekunde kufikiria, na ukipunguza mguu kidogo kwa sababu umeona gari mbele, yako inarudi ya nne palepale. Ukibonyeza O/D kabla, ukiwa bado nyuma ya lori unasubiri upenyo, gari inakuwa tayari iko tatu imechangamka. Ukishapita unairudisha. Kusahau taa inawaka ndio ugonjwa wa wengi, ukiona injini inalia kuliko kawaida angalia dashibodi kwanza kabla hujaenda kwa fundi.

Na kuna kipindi gari ilikataa ya nne kabisa asubuhi za baridi kule Mafinga, taa haiwaki, kitufe kiko sawa, inakimbia na tatu mpaka nimetembea sana ndipo inaingia. Tulihangaika na giaboksi weee, mtu akataka niishushe. Kumbe kuna fundi aliyewahi kuishika alitoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, ule mchezo wa gari isichemshe, na hizi gari kompyuta hairuhusu ovadraivu injini ikiwa bado ya baridi. Bila themostati kwenye baridi ile na upepo wa barabarani injini ilikuwa haipati joto lake. Ikarudishwa themostati mpya, ya nne ikarudi siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla hujakubali giaboksi ishushwe, uliza kwanza themostati ipo?

Taa ya O/D OFF ikiwaka imetulia ni kitufe. Ikiwa inapepesa ni habari nyingine, hapo kompyuta imeona hitilafu ya umeme wa giaboksi, aidha solenoidi (zile vali za umeme za ndani) au sensa ya mwendo, usiendelee kubonyezabonyeza ukidhani itatulia, ipimwe.

Oili ya giaboksi mimi nabadilisha mapema kuliko wanavyosema, kwa sababu ya mzigo. Nacheki injini ikiwa inawaka na gari ina joto, napaka kwenye tishu, ikiwa nyekundu safi naendelea, ikianza kuwa kahawia na kunuka kuungua siisubirii. Nimefunga na kipoozea cha ziada cha hiyo oili mbele ya rejeta, kidogo tu, ni pesa niliyoitoa bila kujuta.

Jirani ana Hilux Revo, ya auto ya gia sita, ananicheka na kitufe changu. Kwake hakuna O/D, ila gia zake mbili za juu nazo ni ovadraivu vilevile, na akiwa na mzigo anasogeza mkono kwenye S anachagua mwisho iishie gia ya ngapi. Ni kazi ileile, yeye ana machaguo mengi zaidi na hilo namkubalia, gari yake inashuka mlima vizuri kuliko yangu.

Kwa anayetaka kununua hizi za gia nne, mimi nazipa nane kwa kumi kwa kubeba mzigo wa wastani na safari ndefu, manyuo bado ni bora kama unaingia mashambani kwenye tope na umejaza kupita kiasi. Siku ya kuijaribu usizunguke mtaani, nenda barabara kubwa, iache ipate joto, fika 80, bonyeza kitufe uone mshale unapanda bila gari kushtuka, bonyeza tena uone unashuka. Ikigonga, ikichelewa, au mshale usipocheza kabisa, kwanza themostati, pili oili, na bei mnaanza kuongea upya.